Viatu Kwenye Ngazi ya Jukwaa

Alhamisi asubuhi, Molo ikiwa bado imejifunika ukungu, Sajenti Jepkemei aliitwa kwenye ukumbi wa maigizo, lile jengo la mbao la walowezi ambalo wenyeji walirithi likiwa linavuja. Jukwaa lilikuwa limeungua. Pazia lote jivu, na nusu ya sakafu ya mbao za mtarakwa imekuwa makaa. Mlango haukuvunjwa.

“Jumamosi kamati inakuja kuamua kama ukumbi utahifadhiwa ama utabomolewa,” akasema Zeddy, kijana anayeongoza maigizo siku hizi. “Sasa watahifadhi nini, Sajenti? Majivu?”

Jepkemei akalitazama jukwaa. Moyo ulimuuma vibaya. Ni juu ya mbao hizo alikojifunza kusema mbele za watu, yeye mtoto kutoka Kuresoi aliyeona haya hata kuitika jina lake darasani. Lakini kazi ni kazi, akainama. Nyayo za matope zilitoka mlango wa nyuma, zikafika kwenye ngazi ya jukwaa, zikakoma. Hapo palikuwa na alama za viatu viwili vilivyopangwa sambamba, na kiti kimoja kilichovutwa kutoka safu ya mbele. Kule juu hakukuwa na tope hata chembe.

Nyuma ya jukwaa akapata kibao kilichofungwa kwa gunia, kimeungua upande mmoja.

“Hiki nacho?”

“Jina jipya la ukumbi. Tungekifunua Jumamosi.” Zeddy akaangalia chini. “Watu tumewaambia ni jina langu.”

Jepkemei akafungua gunia, akasoma herufi zilizobaki, akalifunga tena.

Mji ulikuwa umeshahukumu: ni Kigen, tajiri aliyekitaka kiwanja hicho ajenge vibanda. Saa nne Sajenti akamleta.

“Jana usiku ulikuwa wapi?”

“Kwangu. Muulize mke wangu.”

“Haya, panda huku juu nikuonyeshe kitu.”

Kigen akapanda na gambuti zake, matope yakidondoka.

“Viatu, boss!” Zeddy akapiga kelele.

“Kwani hapa ni madhabahuni?”

Jepkemei akamwambia Kigen aende zake. Zeddy nusura apasuke. “Unamwachilia? Huyu?”

“Mtu amekuja kuchoma jukwaa, na amevua viatu kwanza asilichafue. Nyinyi waigizaji tu ndio mnavua. Ufunguo wanao nani?”

“Mimi.” Zeddy akautoa mfukoni. “Na Mwalimu.”

Sajenti akazitazama ndara za Zeddy pale ngazini. Alikuwa amezipiga teke huku na huku bila hata kuinama, kama kawaida yake. Halafu akakitazama kile kiti. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Akakirudisha kiti kwenye safu yake.

Mwalimu Jamleck Kihara, mwanzilishi wa kikundi cha maigizo, alifika saa sita akichechemea.

“Msichana wangu! Umekuwa mkubwa wa polisi na bado unaburuta miguu?”

“Karibu, Mwalimu. Panda tuangalie.”

Mzee akafika kwenye ngazi, akageuka, akavuta kiti, akaketi. Akanyoosha lile goti bovu, akavua viatu, akavipanga sambamba. Alipoinua kichwa, Jepkemei alikuwa analia.

“Kwa nini, Mwalimu?”

Mzee akakitazama kiti alichokalia. Akavitazama viatu, vimekaa juu ya zile alama za usiku. Hakujaribu kukana.

“Nimewalea nyinyi wote hapa,” akasema. “Halafu nasikia mlangoni litawekwa jina la Zeddy. Kijana wa juzi! Nikasema basi, tukose sote.”

“Umetusaliti. Na bado ukavua viatu.”

“Nisingeweza kulikanyaga hivi hivi.”

Jepkemei akamwekea kibao mapajani, akafungua gunia. UKUMBI WA MWALIMU JAMLECK KI, kisha weusi.

Mzee akapitisha kidole juu ya herufi, polepole, mpaka zilipoishia.

“Lakini Zeddy aliniambia mwenyewe. Na wengine wote wakaitikia.”

“Tulikuigizia, Mwalimu,” Zeddy akasema. “Tulitaka tukushtukize Jumamosi.”

“Niliwaamini kabisa.” Mzee akamgeukia Zeddy. “Mliigiza vizuri.”

“Wewe ndiye uliyetufundisha,” akasema Jepkemei.

Akapiga magoti, akamvalisha viatu kimoja kimoja, akamfunga kamba maana mzee hawezi kuinama. Kisha akasimama, akatoa pingu.