Nilivyosahihisha Mitihani ya Dada

Mwezi ule, ikifika saa kumi na moja jioni, nyumba yetu nzima ilikatazwa kukohoa. Dada alirudi kutoka kazini, mapokezi kwa daktari wa meno, akavua viatu, akanawa uso na kuketi kwenye meza iliyo chini ya dirisha la chumba chetu. Mimi nilikaa kitandani na saa ya mezani mapajani. Nikisema "Anza," anaanza. Nikisema "Kalamu chini," anaiweka chini hata kama jibu limebaki nusu. Ndiyo maana waliniita Kengele, ingawa Mama alidai jina hilo lilinifaa tangu nizaliwe, kwa jinsi nilivyokuwa sijui kunyamaza.

Dada alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Mwaka uliotangulia aliufanya akaanguka, na chuo kile hakimruhusu mtu kuufanya zaidi ya mara mbili. Hii ilikuwa mara ya mwisho. Akifaulu, atasomea uanasheria, jambo alilolitaka tangu akiwa na miaka kumi na miwili kama mimi. Akianguka, ataendelea kuwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba wakae wasubiri zamu yao.

Zilikuwa zimebaki siku thelathini. Dada alichukua karatasi kubwa ya kaki ambayo Mama, fundi cherehani, huitumia kukatia mifano ya nguo. Akachora visanduku, saa tatu kwa kila siku, akaibandika nyuma ya mlango. Mtihani una sehemu tatu: Ufahamu, Hoja na Mantiki. Kila sehemu ina maswali ishirini na tano, na asiyefikisha kumi na tano katika sehemu yoyote hachukuliwi, hata kama zile nyingine amezijaza pomoni. Kila sehemu aliigawia saa sawasawa. Aliandika kwa penseli, nami sikumwuliza kwa nini penseli wakati kalamu zimejaa mezani.

"Kila Ijumaa nitafanya jaribio," aliniambia. "Wewe utasahihisha kwa kufuata karatasi ya majibu. Niambie jumla tu. Usinionyeshe nilipokosa, maana majaribio ni machache na nitayarudia wiki ya mwisho. Nikishayaona majibu, nitakuwa ninakariri tu."

Nilivimba kichwa. Nani mwingine darasani kwetu alikuwa anasahihisha mitihani ya watu wazima?

Ijumaa ya kwanza nilikaa jikoni na kalamu nyekundu. Ufahamu, kumi na tisa. Hoja, kumi na tatu. Mantiki, tisa. Nikahesabu tena, nikidhani nimeruka. Tisa.

Mantiki yenyewe sikuielewa hata chembe. Watu saba wameketi kwenye benchi, mwalimu hataki kukaa karibu na daktari, fundi bomba lazima awe kulia kwa mpishi, sasa nani amekaa katikati? Mimi nilibaki kujiuliza mwalimu na daktari wamegombania nini. Lakini tisa niliielewa. Nilikumbuka jinsi Dada alivyolia mwaka ule mwingine, siku tatu, amejifunika shuka gubigubi, akitoka tu kwenda kunawa. Nikamwonea huruma. Nikafikiri, nikimsifu atapata moyo, na akipata moyo ataipenda Mantiki, na akiipenda ataisoma zaidi. Hesabu yangu iliniingia akilini vizuri kabisa.

"Mantiki kumi na saba," nikasema.

Dada alitabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma alilozibwa. Kisha akachukua kifutio, akaenda mlangoni, akaanza kufuta visanduku vya Mantiki na kuandika Hoja. Nilimtazama nikiwa sielewi. Kwani mtu akifanya vizuri katika jambo si huliongeza?

Wiki ya pili Mantiki ilikuwa nane. Sasa ningefanyaje? Mtu aliyepata kumi na saba hawezi kuporomoka mpaka nane bila kuulizwa maswali. Nikasema kumi na nane. Wiki ya tatu ilikuwa kumi, nikasema kumi na tisa. Kila nilipotaka kusema kweli nilijiuliza nianzie ipi kati ya zile tatu.

"Mantiki nimeimaliza," Dada alisema, akafuta visanduku vyake vyote vilivyobaki. Siku tisa, na hata kisanduku kimoja cha Mantiki hakikuwapo.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, alikuja rafiki yake tuliyezoea kumwita Miwani, naye anangojea mtihani uleule.

"Shoga, nimesikia umekuwa bingwa wa Mantiki," alisema akivuta kiti. "Nifundishe, mwenzio inanitoa jasho."

Dada alikubali kwa furaha. Mimi nilijifanya ninakunja nguo. Walichukua swali moja la watu saba. Dada akaeleza, akachora benchi, akamketisha mpishi hapa na daktari pale. Miwani akafungua majibu ya kitabu chake: si hivyo. Wakajaribu la pili: si hivyo. La tatu, Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Labda kitabu changu kimekosewa," alisema kwa upole.

"Labda," Dada alisema. Lakini alikuwa ameshika tama. Walijaribu mengine manne, wakapata moja. Miwani alipoaga, Dada hakumsindikiza hata mlangoni.

"Kengele," aliniita kwa sauti ndogo. "Jana si nilipata kumi na tisa?"

"Ndiyo."

"Jana nilikuwa ninaweza. Leo siwezi. Sijui nina nini, mdogo wangu. Ninasahau. Nadhani kichwa changu kina kasoro." Akaweka viganja viwili kichwani, akakaa hivyo.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilitaka apate moyo, na sasa alikuwa anadhani ana maradhi ya akili. Nilitoka bila viatu mpaka kwenye chumba cha mbele, kwenye cherehani ya Mama.

Mama alikuwa anabana mkono wa blauzi, pini zimejaa midomoni. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alizitoa pini mojamoja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini.

"Alama zenyewe zilikuwa ngapi?"

"Tisa, nane na kumi."

"Wewe ukasema?"

"Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa."

"Angalau umejua kuhesabu kwa kufuatana," Mama alisema, wala hakucheka.

"Nilimhurumia, Mama. Kumhurumia mtu ni kosa?"

Mama alivuta tepu iliyoning'inia shingoni mwake, akaishika mkononi. "Kuna wateja wangu wakipimwa hubana tumbo. Nilipoanza kazi hii niliwaonea haya, nikaandika kipimo cha tumbo lililobanwa. Mtu anaondoka amefurahi. Siku ya shughuli anaketi, mshono unafumuka mbele za watu. Mwanangu, anayeaibika si mimi, ni yeye niliyemhurumia. Siku hizi namwambia mteja, shusha pumzi, nipime mwili ulio nao. Tepu haimtukani mtu. Inaniambia tu pa kuongeza kitambaa."

"Basi nenda ukamwambie Dada."

"Mimi? Mimi sikuandika kumi na saba," Mama alisema. "Nitasimama mlangoni. Kusema utasema mwenyewe."

Nilisema. Sikumbuki nilianzaje, nakumbuka nilikuwa natazama kucha za miguu yangu.

"Kwa hiyo sijasahau," Dada alisema polepole.

"Hujasahau."

"Sikuwahi kujua."

"Hukuwahi kujua, Dada."

Alishusha pumzi ndefu, nami nikadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliinuka akaenda kwenye karatasi ya mlangoni, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Saa kumi na mbili," alisema kwa hasira. "Saa kumi na mbili za Mantiki nimezifuta kwa mkono wangu, nikazipeleka kwa Hoja, kwa sababu yako. Hizo utanirudishia wapi? Zinauzwa?"

Nililia, na safari hii hakuna aliyenibembeleza. Niliona haya, na haya zile zilinistahili.

Mama ndiye aliyeingia, akachomoa karatasi mpya ya kaki chini ya kwapa na kuikunjua mezani. "Zilizopita zimepita, maji yakimwagika hayazoleki. Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa," Dada alisema akijifuta macho. "Saa ishirini na saba."

"Andika kwanza alama za kweli, juu kabisa, kwa kalamu. Halafu ndiyo ugawe."

Nilileta majaribio yote matatu, nikazisoma alama huku Dada akiandika. Ufahamu ishirini. Hoja imepanda mpaka kumi na tisa. Mantiki kumi. Zilipokuwa zimeandikwa pale, hata mimi niliona saa zinatakiwa kwenda wapi. Ufahamu tatu, Hoja tatu, Mantiki kumi na nane.

"Hizo ni ishirini na nne," Mama alisema. "Tatu za siku ya mwisho acha wazi. Siku hiyo ulale."

Kisha Dada alinigeukia. "Utaendelea kusahihisha. Lakini Mantiki sasa nataka kuona kila nilipokosa, na kufua nguo zangu mpaka siku ya mtihani ni kazi yako." Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Siku zile tulikaa pamoja, yeye na mimi, na vifungo vya Mama. Kifungo cheupe mwalimu, cheusi daktari, kikubwa mpishi, tukivipanga juu ya meza mpaka vikakubali kukaa. Siku ya kwanza alipata kumi na moja, nikasema kumi na moja. Siku ya tatu alirudi mpaka tisa, na ulimi wangu ukawa mzito kama umefungwa jiwe, lakini nilisema tisa. Alikunja uso, akavimwaga vifungo, akaanza upya. Siku ya saba alipata kumi na tano.

Mtihani ulifanyika, zikapita wiki sita. Bahasha ilipofika, Dada aliishika bila kuifungua.

"Kengele, soma wewe."

Mama alisimamisha cherehani. Nilifungua, nikasoma. Ufahamu ishirini na moja. Hoja ishirini. Nikafika Mantiki, macho yakacheza, nikarudia kusoma kimoyomoyo.

"Mantiki kumi na sita. Wanasema umechukuliwa."

Dada alinitazama usoni muda mrefu. "Kumi na sita ya kweli?"

"Ya kweli." Nikamnyoshea barua ili aone mwenyewe. Hakuipokea. Alinivuta akanikumbatia mpaka barua ikakunjika katikati yetu.

Mama alisubiri mpaka tulipoachiana, akaichukua barua na kuinyoosha kwa kiganja juu ya meza ya cherehani. "Mkumbuke jambo hili wote wawili," alisema. "Mtu akiambiwa kweli mahali alipo, hata siku tisa zinaweza kumtosha. Akidanganywa, mpe mwaka mzima, bado atapotea."