Kilima Kidogo cha Klorofomu

Mkuu wa maabara ya serikali alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kando ya meza yake, mwili umeshapoa. Ngozi ya midomo na pua ilikuwa imebabuka. Kubabuka kule ndiko kulikomnyima Inspekta raha. Alikuwa mwanamke asiyejua kutulia. Alikizunguka chumba mara nne kabla daktari hajafunga mkoba wake.

Mezani palikuwa na barua kwa hakimu, haijatiwa saini. Mkuu alitaka kesi ya muuguzi mmoja ifunguliwe upya. Muuguzi huyo alifungwa maisha miaka sita iliyopita, eti kamzidishia mgonjwa dawa ya usingizi. "Kipimo chetu kilikosewa," barua ilisema. Inspekta aliisoma mara mbili. Ni yeye aliyemtia pingu yule mama muuguzi. Na sasa shahidi wa kumtoa ndiye huyu hapa sakafuni.

Damu ya marehemu ilipimwa palepale, na naibu wake. Maabara nyingine ya polisi haikuwepo. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere.

"Moyo umesimama tu, afande," naibu alisema, akimpa karatasi yenye mstari wa vilima uliochorwa na mashine ya kupimia. "Klorofomu ipo chembe. Sote tunaivuta humu."

"Umejuaje ni chembe?"

"Tazama kilima chake. Kiduchu."

Inspekta aliichukua karatasi, akachukua na damu iliyobaki, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mkemia wa idara ya maji.

"Nani kaandika upuuzi huu?" shangazi aliuliza. "Mwanangu, hapa katumia kitambuzi cha mwali. Kile huunguza kaboni ndipo kinaihesabu. Kaboni iliyobanwa na klorini, kama ya klorofomu, kinaiona kwa shida. Kilima kiduchu si lazima iwe sumu kiduchu."

"Kuna kingine?"

"Cha kunasa elektroni. Hicho ndicho tunachopimia maji. Kikigusa klorini kidogo tu, kilima kinapaa. Kwa hiyo unapitisha kwanza kiasi unachokijua, halafu unalinganisha. Huyu hakulinganisha."

"Labda kasahau."

"Miaka ishirini kazini? Thubutu."

Shangazi alipima upya, akalinganisha. Alivua miwani. "Hii ingemlaza ng'ombe," alisema.

Inspekta hakukaa. Dawa iliyomfunga muuguzi nayo ilikuwa na klorini. Aliagiza jalada la zamani, akalisoma amesimama, chai inapoa. Kitambuzi: cha kunasa elektroni. Kulinganisha: hakuna. Saini: ya naibu.

Alasiri naibu aliketishwa chumba cha mahojiano, akaonywa kisheria.

"Alama zako za vidole ziko kwenye chupa ya klorofomu."

"Nafanya kazi pale."

"Kwa nini hukulinganisha?"

"Haraka, afande."

"Na miaka sita iliyopita?"

Naibu aliangalia mlango. Kisha akaangalia jalada, na mabega yakamshuka.

"Kilima kilitoka kirefu, nikaandika amezidishiwa. Dawa safi ya kulinganishia ilikuwa imekwisha. Na wewe ulikuwa unapiga simu kila saa, unataka majibu."

Ilikuwa kweli. Inspekta alisikia aibu ikimpanda usoni, akaiacha ipande.

"Endelea."

"Baadaye nililinganisha, kimyakimya. Alipewa dozi ya kawaida. Yule mgonjwa alikufa kwa ugonjwa wake. Nikanyamaza. Wiki iliyopita mkuu kapitia majalada, kagundua. Nilimpigia magoti. Binti yangu anasomea kazi hii kwa sababu yangu, ningemwambia nini? Mzee akasema barua inakwenda. Nikamfunika uso kwa kitambaa kilicholowa klorofomu. Nilijua mwali utanifichia, maana kosa langu lenyewe ndilo lililonifundisha."

"Andika yote. Na ya muuguzi pia."

"Ukiipeleka kwa hakimu, na wewe utaulizwa."

"Nitaulizwa. Andika."

Naibu aliandika ukurasa mzima, kisha kalamu ikasimama.

"Huyo mama," alisema polepole, "hata jina lake silikumbuki."

Inspekta alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza siku ile. Akamtajia majina yote matatu, herufi kwa herufi, akimsubiri ayaandike.