Saa Ambayo Sekar Aliificha

Kila asubuhi kabla ya shule, Sekar alimsaidia bibi yake, Bibi Kartinem, kukaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, za kuuza mbele ya nyumba yao mjini Klaten. Mama yake alikuwa akiondoka alfajiri kwenda sokoni.

Siku moja, saa kumi na mbili na nusu, Bibi alielekeza kidole kwenye kopo la chumvi akasema, "Nipe kiatu."

Sekar akaangua kicheko. "Leo tunakaanga viatu, Bibi?"

Bibi hakucheka. Alijaribu tena, neno likagoma. Mwiko ukamponyoka mkono wa kulia, na upande mmoja wa mdomo ukalegea. Sekar aliona yote hayo. Lakini saa mbili kulikuwa na fainali ya mpira wa vinyoya, na yeye ndiye tegemeo la darasa la sita.

"Pumzika, Bibi. Mama yuko njiani," alisema. Akazima jiko, akachukua raketi yake, akaenda zake.

Saa nne kasorobo aliitwa kutoka uwanjani. Alipofika hospitalini, Bibi alikuwa kitandani, kimya, macho wazi. Daktari Hapsari alikuwa akimhoji Mama.

"Ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu, Daktari. Nilirudi sokoni nikamkuta ameketi sakafuni, hawezi kusema."

Muuguzi akaandika: saa tatu. Sekar aliisoma saa hiyo karatasini. Akinyamaza, nani atajua? Akamtazama Bibi. Bibi naye alikuwa akimtazama.

"Si saa tatu," akasema. "Ni saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwepo."

Mama aligeuka. "Ulimwona hivi, ukaenda kucheza?"

"Nilienda, Mama." Machozi yakamtoka.

Daktari alitupia jicho saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika tano. "Dawa ya kiharusi, ya kuyeyusha damu iliyoganda, tunaitoa ndani ya saa nne na nusu tu. Mwisho wetu ni saa tano. Mpelekeni akapigwe picha ya kichwa, haraka!"

Dawa iliingia mshipani zikiwa zimebaki dakika nane.

Kesho yake Bibi aliweza kukunja vidole vya mkono wa kulia. Maneno yalikuja moja moja, kwa taabu.

"Mbona ananielewa lakini hasemi vizuri?" Sekar aliuliza.

Daktari Hapsari akamgusa Sekar kichwani, upande wa kushoto, karibu na paji la uso. "Kwa watu wengi, sehemu hii ya ubongo hutunga maneno ya kusema. Jirani yake kuna inayoamuru mkono wa kulia. Hizo ndizo zilizokosa damu. Ya kuelewa maneno iko nyuma zaidi, juu ya sikio, na ya Bibi imesalimika. Huku kisogoni ni ya kuona. Chini yake ni ya kutusaidia tusiyumbe tunapotembea."

"Kwa hiyo ningesema mapema..."

"Ndiyo. Angeumia kidogo kuliko hivi. Sikufichi," alijibu daktari. "Mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usingoje mtu wala mechi. Piga kelele, aende hospitali. Na ukikosea, sema kweli upesi, hata kama inakuumbua. Jana ungenyamaza, tungejidanganya kwamba muda bado upo."

Bibi akanyoosha mkono wake dhaifu, akaushika wa Sekar. "U-li-shinda?" akauliza.

"Hatukumaliza, Bibi," Sekar alijibu, na hakuuachia mkono ule.