Kula Si Lazima

Jumamosi asubuhi nyumba ya Kalisti huko Falls Church, Marekani, hunukia tangawizi na maandazi. Leokadia, mkewe, huwa jikoni akikaanga. Kalisti huwa mezani na kompyuta. Wiki nzima anaendesha gari kwenda Herndon, kwenye ghala la vipuri anakofanya kazi, na foleni ya barabarani humchosha kuliko kazi yenyewe. Lakini Jumamosi ni siku yake.

Siku hiyo Leokadia alisikia meza ikigongwa.

"Baba Queen! Vikombe vyangu hivyo!"

"Kompyuta hii ni mbovu," alisema Kalisti.

"Jana ilikuwa nzima."

"Leo imeharibika. Njoo ujionee. Malkia wa adui huyu hapa, amesimama peke yake. Hana mlinzi. Ngome yangu imemla. Sasa kompyuta inaniambia nimekosea. Mtu anakula malkia bure, halafu anaambiwa amekosea! Wewe uliwahi kuona?"

Leokadia alikuja na mwiko mkononi. Aliitazama ile alama nyekundu kwenye kioo cha kompyuta.

"Mimi sataranji siijui," alisema. "Lakini mbona hata jana ilikuwa nyekundu?"

"Jana mtandao ulikuwa mzito."

"Na juzi?"

Kalisti alijimiminia chai. Na juzi ilikuwa nyekundu vilevile.

Tovuti ile ilikuwa ya mafumbo ya sataranji. Kila fumbo ni picha ya ubao, kete zikiwa katikati ya mchezo. Unatakiwa kutafuta hatua moja iliyo bora kuliko zote. Ukiipata, inatokea alama ya kijani na kiwango chako kinapanda. Ukiikosa, inatokea nyekundu na kiwango kinashuka. Kalisti alikuwa amesikia kwamba mafumbo humnoa mchezaji kama tupa inavyonoa panga. Basi akayafanya mengi kila siku, haraka haraka, kama mtu anayepukuchua mahindi. Ajabu ni kwamba kadiri alivyozidi kufanya, ndivyo kiwango kilivyozidi kushuka. Alikuwa akinolewa, au akifanywa butu? Hakuelewa.

Tena hakuwa na muda wa kuchezea. Kila Jumapili mchana, watu wa Afrika Mashariki walikutana katika ukumbi wa maktaba kucheza sataranji. Walikuwa na timu ya watu wanne, na ilikaribia siku ya kupambana na klabu ya Springfield. Meza tatu zilikuwa na wenyewe. Meza ya nne ilikuwa ya Kalisti, lakini sasa Solomon, kijana wa Kenya, aliitaka. Clement, kiongozi wao, alikuwa amekata shauri: wacheze mchezo mmoja, na mshindi achukue meza.

Nanyi mjue meza ile ilikuwa na maana gani kwa Kalisti. Kwao Moshi alikuwa bingwa wa drafti. Alipokaa kucheza, watu waliacha vinywaji vyao wakaja kumzunguka. Marekani hakuna aliyemjua kwa lolote. Pale ukumbini tu ndipo alipokuwa mtu tena. Akiondolewa kwenye timu, kazi yake itakuwa kupanga viti.

Mlango uligongwa.

"Hodi! Hamjambo nyote?"

Alikuwa Afeni, jirani yao wa ghorofa ya chini. Afeni ni Mmarekani mweusi. Kiswahili alijifunza chuoni, na Kiswahili chake kimenyooka kama kitabu. Kazi yake ni kufundisha sataranji shuleni. Lakini asubuhi hiyo hakuja kufundisha. Alikuwa amefuata harufu ya maandazi.

"Karibu, dada Afeni," alisema Leokadia. "Keti, kula. Umsaidie na huyu, maana atanivunjia meza."

Kalisti alimweleza yote: malkia aliyeliwa bure, alama nyekundu, kompyuta mbovu, mtandao mzito. Afeni alitafuna andazi taratibu.

"Tafadhali, bwana Kalisti, fanya fumbo moja nikiwa ninakutazama."

Fumbo jipya lilitokea. Kalisti aliona farasi wa kuliwa. Akamla. Nyekundu.

"Umeona?" alisema Kalisti.

"Nimeona. Fanya jingine."

Hili lilikuwa na askofu wa kuliwa. Akamla. Nyekundu tena.

"Kwa nini umemla yule askofu?" aliuliza Afeni.

"Si analiwa?"

"Ndiyo, analiwa. Lakini kwa nini umemla?"

Kalisti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Dada Afeni, kete ikiwa ya kuliwa utafanyaje? Kula ni lazima."

"Lazima? Kwa sheria gani?"

Sheria za sataranji alizijua. Anayetaka kula hula, asiyetaka huacha. Alizisoma siku ya kwanza kabisa. Sasa hiyo "lazima" ilitoka wapi?

"Kwenye drafti," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kwenye drafti ukiona kete ya kuliwa, unakula. Upende usipende. Ndiyo maana mjanja anakulisha moja ili yeye ale tatu."

"Ahaa!" Afeni aliweka andazi chini. "Basi kichwa chako kinacheza sataranji, lakini mkono wako unacheza drafti."

Leokadia alicheka hadi mwiko ukamponyoka. "Kumbe ndiyo maana Solomon anamlisha kila Jumapili! Baba Queen, umefugwa kama kuku!"

Kalisti hakucheka. "Kwa hiyo nisile?"

"Sikusema usile."

"Nile?"

"Sikusema ule."

"Sasa unanichanganya kabisa! Nile au nisile?"

"Utazame kwanza," alisema Afeni. "Turudi kwenye fumbo la malkia. Lakini usishike kipanya. Kalia mikono yako."

"Niikalie?"

"Ikalie."

Bingwa wa Moshi akaikalia mikono yake.

"Jiulize," alisema Afeni. "Je, ninaweza kumtisha mfalme wake? Je, kuna cha kula? Je, ninaweza kutishia jambo kubwa? Na kwa kila hatua, uliza: yeye atajibu nini? Sasa tuseme ngome yako imemla malkia. Yeye atajibu nini?"

Kalisti alitazama. Ngome yake ndiyo iliyokuwa ikilinda mstari wa nyuma, alipokaa mfalme wake. Ikiondoka kwenda kula, ngome nyeusi itashuka hadi mstari huo. Mfalme wake atakosa pa kukimbilia.

"Lo!" alisema. "Nakula malkia, kisha nafungwa palepale."

"Sawasawa. Sasa anza na lile swali la kwanza. Unaweza kumtisha mfalme wake?"

Kalisti aliukodolea macho ubao. Chai ilipoa. Kisha akaona. Malkia wake mwenyewe angeweza kupanda hadi mstari wa mwisho wa adui. Mfalme mweusi alikuwa amejibanza nyuma ya askari wake watatu, na askari hao hao walikuwa wamemzibia njia.

"Malkia juu. Amekwisha," alisema.

"Sasa toa mkono."

Kijani.

"Usifanye mafumbo mengi kwa siku," alisema Afeni akinyanyuka. "Fanya machache, bila haraka. Tamka jibu lote kwa mdomo, na la adui pia, kabla hujashika kipanya. Ukikosa, usikimbilie fumbo jingine. Tafuta sababu ya kukosa. Kesho lirudie lile lile."

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Kwanza Kalisti aliogopa kula kabisa. Akaacha farasi wa bure, nyekundu. Akaacha ngome ya bure, nyekundu. "Sasa ninakufa njaa!" alimlalamikia mkewe. Lakini aliporudi nyuma kutafuta sababu, aliona kwamba hakuwa amejiuliza lolote. Alikuwa ametoka kwenye "lazima kula" akaingia kwenye "lazima kuacha." Zote mbili ni uvivu wa kutazama.

Leokadia naye alijifanya mwalimu. Kete hakuzijua, lakini swali alilishika. Akipita na ndoo au nguo za kukunja, anauliza, "Na yeye atajibu nini?" Mwanzoni Kalisti alikasirika. Baadaye alimjibu. Kijani ziliongezeka. Kiwango kikaacha kushuka, kikasimama, kikaanza kupanda.

Jumapili ya mchezo ikafika. Watu waliizunguka meza. Solomon alikuja akitafuna bigijii.

"Mzee Kalisti, sasa? Uko ready, ama nikupee meza ya watoto?"

"Anza, kijana."

Walicheza vizuri hadi katikati. Kisha Solomon akamsogeza farasi wake, akamweka mahali ambapo askari wa Kalisti angeweza kumla. Hakuwa na mlinzi.

"Kula, buda," alisema Solomon. "Hiyo ni ya bure. Si ukule?"

Mkono wa Kalisti ulikwishainuka kutoka mezani. Aliuona ukienda. Akaurudisha, akaukalia.

"Unafanya nini?" aliuliza Solomon.

"Nafikiri."

Askari akila, yeye atajibu nini? Njia itafunguka, na malkia wa Solomon ataingia nyumbani kwa mfalme. Huo ndio mtego. Je, anaweza kumtisha mfalme wa Solomon? Anaweza, kwa ngome. Mfalme atakwenda wapi? Pembeni tu. Na akiwa pembeni? Kalisti alitazama, akatazama tena, akihofia kwamba macho yanamdanganya. Mfalme akiwa pembeni, farasi wa Kalisti ataruka na kumtisha mfalme na malkia kwa mpigo mmoja.

Akasogeza ngome. Mfalme akaenda pembeni. Akarusha farasi.

Solomon aliacha kutafuna.

"Ai, mzee," alisema.

Alimwondoa mfalme pembeni, maana hakuwa na la kufanya. Hapo ndipo Kalisti alipokula, naye alikula malkia mzima. Hatua chache baadaye Solomon alimlaza mfalme wake na kumpa mkono.

"Meza ya nne, Kalisti," alisema Clement, na watu wakapiga makofi.

Lakini Solomon hakunyanyuka. Alikuwa akiutazama ubao kama mtu aliyepotewa na funguo.

"Mzee, kwani farasi wangu hukumuona?"

"Nilimuona."

"Na ukamuacha tu? Mbona?"

Wote wawili waliinamia ubao. Farasi yule alikuwa bado amesimama palepale pa kuliwa na askari, mzima, hakuna aliyemgusa.