Kivuli Kisicho na Mfupa

Jeli ya ultrasound huwa baridi. Kila mama anayelala kwenye kile kitanda hushtuka inapomgusa tumbo, na kila mara Dada Picha humwambia, "Pole, mama, itapata joto sasa hivi." Lakini mchana ule, alipojiminyia mwenyewe tumboni, jeli ilitoka ikiwa na joto tayari. Halikuwa joto la jua wala la mashine. Lilikuwa joto la kitu kilichoshikwa kiganjani kwa muda mrefu.

Hakulitilia maanani. Alikuwa na haraka.

Jina lake halisi hospitali nzima walikwisha kulisahau. Walimwita Dada Picha kwa kuwa ndiye aliyewapiga wajawazito picha ya tumbo, akawaonyesha kichwa, uti wa mgongo, miguu inayorukaruka. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mjamzito. Mimba ilikuwa imefika katikati, umri uleule ambao mimba yake ya kwanza ilinyamaza. Ndilo neno walilolitumia nyumbani, "ilinyamaza," na hakuna aliyethubutu kutafuta jingine. Na tangu alfajiri mtoto huyu naye hakuwa amecheza.

Kipimo chake rasmi kilipangwa wiki iliyofuata, kwa daktari. Angeweza kumwomba mwenzake, Bwana Mionzi wa chumba cha eksirei, amtazame siku hiyohiyo. Hakutaka. Alizijua mno nyuso za wapimaji: namna wanavyoacha kupiga soga ghafla, namna wanavyoisogeza skrini kidogo kidogo kuelekea ukutani. Kama kulikuwa na habari mbaya, alitaka aipate peke yake.

Basi foleni ilipokwenda kula, alifunga mlango, akavuta pazia, akazima taa. Picha haionekani vizuri penye mwanga, kwa hiyo dirisha la chumba kile lilibandikwa karatasi nyeusi tangu siku mashine ilipoletwa. Jua halikuwahi kuingia humo tena.

Kwa kawaida, kabla kipimo, kile kifaa cha mkononi, hakijagusa ngozi, Dada Picha humwuliza kila mgonjwa: "Wewe ni nani, na leo tunamtazama nani?" Ni utaratibu wa kazi, picha ya huyu isije ikapewa yule. Mama hutaja jina lake, husema "mtoto wangu," ndipo kazi inapoanza. Siku ile hapakuwa na wa kuuliza wala wa kujibu. Alilala chali, akaigeuza skrini upande wake, akaweka kipimo tumboni, akanong'ona gizani:

"Jitokeze basi. Nakusubiri. Jitokeze."

Mtoto alijitokeza. Moyo wake ulikuwa unapepesa, mdogo kama punje, hodari. Dada Picha alilia bila sauti, machozi yakamwingia masikioni. Kisha akaangalia vizuri. Mtoto alikuwa amejikunja, kampa mgongo. Mikono yake miwili ilikuwa kichwani, huku na huku. Alikuwa ameziba masikio.

Aliongeza kina cha picha ili aone nyuma yake. Hapo ndipo alipokiona kivuli. Vivuli alivizoea, mfupa wowote huacha kivuli cheusi nyuma yake, na kwa kivuli hicho ndivyo mpimaji anavyoujua mfupa. Lakini hiki hakikuwa na mfupa. Kilisimama peke yake pembeni mwa mtoto, kirefu, cheusi kuliko weusi wa maji ya uzazi, na alipokisogeza kipimo kulia, kivuli kilibaki; alipokisogeza kushoto, kivuli kiliinama, polepole, kama mtu anayechungulia dirishani kuona ni nani aliyemwita.

Aliwasha sauti ya mapigo ya moyo. Alisikia mbio za mtoto, tu-ku-tu-ku-tu-ku, na chini yake pigo jingine, zito, la taratibu. Aliinua kipimo kutoka tumboni. Kilikuwa hewani, mkononi mwake, hakigusi kitu. Mbio za mtoto zilikatika. Lile pigo zito likaendelea.

Aliichomoa mashine ukutani.

* * *

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mzaha, ambaye masikio yake yalishakuwa mazito kwa kelele za chuma. Kila jioni alikoga, akalaza kichwa kwenye tumbo la mkewe na kujidai anasikia habari. Jioni ile alilaza sikio muda mrefu kuliko kawaida.

"Mke wangu, umenificha pacha?"

"Unasemaje?"

"Nasikia wawili. Mmoja mdogo, mmoja jitu zima. Huyo jitu atanilia chakula chote."

Mkewe hakucheka. Alimsimulia kila kitu, kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa jikoni. Fundi alimsikiliza, kisha akanusa hewa.

"Na hii harufu? Nywele zinaungua wapi?"

"Nilidhani ni nguo zako."

"Nguo zangu zinanuka chuma. Hii si chuma."

Tangu hapo nyumba haikuwa yao. Pigo lile lilianza kusikika kwenye bomba la sinki, likahamia kabatini penye sahani, zikawa zinatetemeka kidogo kila lilipopiga. Likaingia ukutani, nyuma ya kitanda, na popote mjamzito alipokaa lilimfuata likakaa naye, hata alipowasha redio kwa sauti ya juu lilijipanga sawa na ngoma ya wimbo, likasubiri wimbo uishe, likabaki peke yake likipiga chumbani, na yeye akashika tumbo kwa mikono miwili akajikuta, bila kupenda, anapumua kwa kulifuata. Aliamka asubuhi na tumbo limelowa kitu cha uvuguvugu, chenye utelezi. Alikijua kabla hajakigusa. Ilikuwa jeli.

Na fundi, kila alipoweka sikio, aliinuka na uso uliopauka zaidi.

"Yule mdogo," alisema siku moja, "namsikia kwa mbali."

"Kwa mbali vipi?"

"Kama mtu aliye chumba cha pili, na mlango unafungwa."

Mkewe alimshika shati. "Siwezi kumpoteza na huyu. Unanisikia, baba? Siwezi."

"Nakusikia." Alikuwa tayari ameshika simu. "Ngoja nimwite shangazi."

* * *

Shangazi yake fundi alitoa majini kama wengine wanavyozibua vyoo: bila makuu, na kwa kulalamika. Alikuja na mkoba wa plastiki na viatu vinavyombana. Alimsikiliza mjamzito hadi mwisho huku akijikanda vidole vya miguu.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimetoa jini kwenye friji. Nimetoa jini kwenye pikipiki, na bado mwenyewe akaiuza kwa bei ya hasara. Sijawahi kuona msomi anamwita kwa mdomo wake."

"Mimi sikuita jini, shangazi. Nilimwita mwanangu."

"Ulimtaja?"

Mjamzito alitikisa kichwa.

"Ulijitaja wewe ni nani? Umeniambia wagonjwa wako wote unawauliza. Wewe nani alikuuliza? Umeingia kwenye giza la miaka mingi, giza lenye wenyewe, ukasema 'jitokeze.' Aliyekuwa karibu ndiye aliyeitika. Na sasa anajua anasubiriwa."

"Anataka nini?"

"Nafasi ya kukaa. Humo tumboni ni mwa mtu mmoja." Aliuma mdomo, mzaha ukamtoka. "Tuondoke sasa hivi. Hatuna siku ya kupoteza."

Fundi alichukua ufunguo. "Tufukize ubani kwanza?"

"Hospitalini? King'ora cha moto kilie, watu wakimbie na dripu? Acha ujinga, mtoto wa kaka yangu. Alimwita kwa mashine, atamfukuza kwa mashine."

* * *

Bwana Mionzi, aliyekuwa akimshikia zamu Dada Picha, aliwapisha. "Dada Picha leo kawa picha," alisema, lakini alipouona uso wake aliacha kucheka, akaenda kuwatuliza kina mama waliokuwa kwenye benchi nje. Fundi alibaki mlangoni. Ndani waliingia wawili tu, shangazi na mjamzito.

"Sikiliza," shangazi alinong'ona taa ilipozimwa. "Jitaje. Mtaje mtoto kuwa ni wako. Mwambie yule hukumwita, aondoke. Basi. Akikuuliza neno lolote, usimjibu. Umeelewa? Ukimjibu mmeshakubaliana."

"Nimeelewa."

Kipimo kiligusa ngozi. Mtoto alikuwa palepale, mikono masikioni, lakini moyo wake sasa ulipepesa kivivu, kama taa ambayo mafuta yanakwisha. Na kivuli hakikuwa tena pembeni. Kilikuwa kimemzunguka, kimemwegemea mgongoni, kimeweka kitu kama kidevu juu ya bega lake.

Alitaja jina lake, kamili, jina ambalo hospitalini walilisahau. Sauti ilimtetemeka, akalirudia. "Huyu ni mwanangu. Nilimwita yeye. Wewe sikukuita. Toka."

Mashine ikatoa pigo moja. Zito. Kisha likatulia.

"Endelea," alisema shangazi.

"Toka kwa mwanangu. Hii si nafasi yako."

Na hapo sauti ya mashine, ile ambayo siku zote ilikuwa ya mapigo na mivumo ya damu, ilianza kukusanyika, pigo likashikana na pigo, mvumo ukaingia katika mvumo, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba hadi shangazi akaziba pua kwa kanga, na kutoka kwenye kipaza sauti kidogo kilicho chini ya skrini likatoka neno lililosemwa kwa uvumilivu, kwa upole hata, kama mgeni anayekubali kuondoka ila hajui njia:

"Niende wapi?"

Alifunga mdomo. Shangazi alimminya bega, akaanza kusoma maneno yake kwa kasi, macho ameyafumba.

"Niende wapi?"

Kwenye skrini, moyo wa mtoto ulipepesa. Ukasimama. Alihesabu bila kutaka, kama alivyohesabu kazini maelfu ya mara, ukapepesa tena. Ukasimama. Safari hii ulikawia, ukakawia, skrini ikawa kimya cheusi chenye nukta moja ya kijivu isiyotikisika, na Dada Picha, ambaye alikijua kimya hicho kwa jina na kwa sura, ambaye alikwishakilalia mara moja kwenye kitanda hikihiki, aliinua kichwa na kunong'ona, kwa sauti ndogo hata shangazi aliyekuwa anasoma hakuisikia:

"Popote. Kwa yeyote. Si kwangu."

Kivuli kilinyooka. Kikapungua, kikatoka kwenye picha kwa upande wa mlango.

Na moyo ukaruka. Tu-ku-tu-ku-tu-ku, mbio, hodari, sauti ya mashine ikajaa mapigo yake peke yake. Mtoto alishusha mkono mmoja, kisha wa pili. Akageuka. Kwa mara ya kwanza akamwonyesha mama yake uso, pua, midomo inayofunguka na kufungika, na Dada Picha akalia kwa sauti hadi fundi akausukuma mlango.

"Yuko sawa?"

"Anacheza," alisema. "Mtazame, baba. Mtazame anavyocheza."

Shangazi aliwasha taa. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka. Alimgeukia mjamzito.

"Aliondoka upesi," alisema. "Hawaondokagi upesi hivyo. Hukumjibu?"

"Hapana, shangazi."

"Neno hata moja?"

"Hata moja."

Shangazi alivaa viatu vyake polepole.

Walitoka. Benchi la nje lilikuwa limejaa wajawazito, bega kwa bega, mikoba magotini, wamechoka kusubiri. Yule wa kwanza, aliyekaa karibu na mlango, alishtuka akashika tumbo.

"Jamani! Wa kwangu karuka!"

Wakacheka. Kisha wa pili akashika tumbo lake. "Na wangu! Hebu shika hapa."

Wa tatu akacheka, wa nne akacheka, kicheko kikateremka benchi lote, mama baada ya mama, kila mmoja akishtuka kwa zamu yake, kwa utaratibu, kama kwamba mtu anapita mbele yao akiwagusa mmoja mmoja, hapendi, anasonga, hapendi, anasonga. Dada Picha alisimama akitazama. Fundi alikuwa anamvuta mkono, anazungumza habari ya kitanda cha mtoto.

Kicheko kilifika mwisho wa benchi. Pale alikuwa amekaa binti mdogo, mimba yake ya kwanza bila shaka, peke yake, hana wa kumsindikiza.

"Na wako, mdogo wangu?" aliuliza jirani yake. "Karuka?"

Binti alijipapasa tumbo, akatabasamu kwa haya.

"Hapana," alisema. "Wangu kajikunja tu."

"Anayefuata!" aliita Bwana Mionzi, aliyekwisha kurudi ndani, na taa ya chumba ikazimwa.

"Nenda wewe, mdogo wangu," walisema wale kina mama. "Umekaa mwisho, ila wewe ndiye uliyetangulia kufika."

Binti aliinuka. Alipofika mlangoni alimkuta Dada Picha amesimama katikati, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Samahani, dada. Naomba kupita."

Dada Picha alifungua mdomo. Ndani yake mtoto alipiga teke, moja zima, lenye nguvu, lenye afya. Akaweka mkono juu yake. Akafunga mdomo, akasogea pembeni, akampisha.