Chumba cha Watu Wawili

"Sema kwa nguvu, mama! Chumba ni cha watu wangapi?"

Gakenia aliubana mkono wa simu sikioni na kuupa mgongo mlango wa kibanda. Sauti ya karani wa hoteli ilitoka Mombasa ikija na kupotea, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Wawili," akanong'ona.

"Sikusikii! Nipe majina. Bwana na Bibi nani?"

Nje ya kibanda cha posta watu walikuwa wamepanga foleni, na aliyekuwa mbele kabisa ni Jentrix, katibu wa kina mama wa kanisa, mwanamke ambaye habari hailali nyumbani kwake. Sikio lake lilikuwa karibu kugusa kioo.

"Mama, simu ya mbali hii! Bwana na Bibi nani?"

"Mtu mmoja," Gakenia akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mimi peke yangu. Kuanzia Jumamosi."

Alipotoka, Jentrix alimshika mkono.

"Mombasa, dada? Kuna nini huko?"

"Leso. Naenda kuchagua leso za duka."

Uongo ulimtoka mwepesi. Njia nzima hadi dukani hakugeuka nyuma.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Gakenia alikuwa mjane wa Zachariah, aliyekuja Kisumu kutoka Murang'a na kufungua duka la vitambaa karibu na soko. Siku ya mazishi, Kangethe, mdogo wa marehemu, mwenye duka lake mwenyewe mjini, alimwambia mbele ya wazee, "Shemeji, tutakutunza. Lakini siku utakayochukua mwanamume mwingine, duka litabaki kwa nyumba ya Zachariah." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeliinua duka, akafungua asubuhi na kufunga jioni, mpaka wanawake wa Maseno na Otonglo wakawa wateja wake. Kulipoteza lingekuwa kama kukatwa mkono.

Halafu akaja Wasike. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani, mtu wa Bungoma, mpole, hajawahi kuoa. Siku ya kwanza alinunua kitambaa cha pazia. Kesho yake akarudi kununua sindano. Kesho kutwa, uzi. Wiki ya pili Gakenia akashindwa kuvumilia.

"Bwana Wasike, unashona nini hasa?"

"Sishoni kitu," akajibu. "Natafuta sababu."

Mapenzi yao yalikuwa ya nyuma ya duka, ya kuzungumza huku mmoja akichungulia mlango. Wakikutana barabarani walisalimiana kama mteja na mwenye duka. Mombasa lilikuwa wazo la Wasike.

"Siku tatu tu," alikuwa amemwambia. "Mji ambao hakuna anayetujua. Nitembee nawe ufukweni nimekushika mkono, basi. Sitaki kingine."

Jioni hiyo alipopita dukani, Gakenia alimweleza habari ya simu. Uso wa Wasike ulibadilika.

"Umeweka chumba cha mtu mmoja?"

"Tutabadilisha tukifika. Jentrix alikuwa pale mlangoni."

"Na mimi nitalala wapi, kwa walinzi?"

"Wasike, tafadhali."

"Hata kwa simu, kwa mtu asiyekujua, ulishindwa kunitaja."

Hapo pazia la mlangoni likasukumwa. Aliingia Kangethe, kofia mkononi, mwingi wa furaha. Wasike akageukia vitambaa, akavishikashika kama anayechagua.

"Shemeji! Jentrix ameniambia. Mombasa kuchukua leso! Hayo ndiyo mawazo. Lakini mwanamke peke yake safari yote hiyo? Hapana. Nimekata tikiti, tunaenda pamoja Alhamisi."

Gakenia alilifunga daftari la hesabu.

"Usijisumbue, Kangethe. Duka lako nani ataangalia?"

"Duka langu halina miguu. Litaningoja." Akamtupia jicho Wasike. "Huyu mteja umemhudumia?"

"Ndiyo," Gakenia akajibu haraka. "Alikuwa anaondoka."

Wasike alikirudisha kitambaa mahali pake, akakikunja vizuri, akatoka.

Siku zilizofuata alitafuta kisingizio. Alifikiria kusema anaumwa, lakini Kangethe angemleta daktari. Alifikiria kusema kweli, na mdomo ukakauka hata akiwa peke yake jikoni. Jumatano akapiga simu bandarini.

"Niitie fundi Wasike."

Alingoja akisikia vyuma vikigongana. Kisha sauti aliyoijua.

"Wasike hapa."

"Ni mimi. Nimepata njia. Wewe utapanda behewa la nyuma. Kwenye gari moshi hatujuani. Tukifika Mombasa nitamtuma Kangethe kwa wauzaji, halafu..."

"Halafu nitatoka kichakani?"

"Usiseme hivyo."

"Gakenia, mimi si mzigo wa magendo. Nimengoja karibu miaka miwili, na sijachoka kukupenda. Nimechoka kufichwa. Nenda salama na shemeji yako."

"Wasike! Wasike, ngoja..."

Simu ilikuwa imekatika.

Alhamisi jioni stesheni ilijaa watu, kuku, na mikungu ya ndizi. Kangethe aliingiza mizigo yake, akakalia kiti, kisha akachomoa kichwa dirishani.

"Panda, shemeji! Kiti chako hiki hapa."

"Nakuja. Napunga hewa kidogo."

Macho yake yalikuwa yakitafuta. Alijiambia hatakuja, na bora asije. Hapo ndipo alipomwona, kwenye nguzo ya mwisho, amevaa suruali yake nzuri ya Jumapili. Hakuwa na mfuko wala sanduku. Hakuja kusafiri. Alikuja kumwona akienda.

Kangethe naye alimwona.

"Nani yule anayetukazia macho? Si yule mteja wako?"

Gakenia alifungua mdomo. Hatua chache nyuma yake Jentrix, aliyekuja kumsindikiza ndugu yake mmoja, alikuwa ametega sikio.

"Simjui," Gakenia akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini Wasike alikuwa ameanza kuwakaribia, na neno hilo lilimfikia. Alisimama. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa swali alilolijua jibu lake, akageuka na kuanza kuondoka.

Gadi wa gari moshi akapuliza kipenga.

"Panda!" Kangethe akapaza sauti. "Linaondoka!"

Gakenia aliutazama ule mgongo ukizama kati ya watu. Akaona miaka yake iliyobaki: duka, kanisa, nyumba, duka. Hofu aliyokuwa nayo ya kupoteza duka ilikuwepo bado, nzima, haikupungua hata chembe. Alikimbia nayo hivyo hivyo.

"Wasike!"

Wachukuzi wakageuka.

"Wasike! Nisamehe! Nakujua! Ninakujua mimi!"

Kiatu kimoja kilimtoka, akakiacha. Alimfikia kwenye lango, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya stesheni nzima, akilia.

"Watu wanatuona," Wasike akasema.

"Waone."

Nyuma yao gari moshi lilikuwa linakwenda. Kangethe alitoa nusu ya mwili dirishani, kofia ikapeperuka.

"Shemeji! Gakenia! Mimi naenda wapi sasa?"

Gari moshi likamchukua. Jentrix tu ndiye aliyesogea, ameshika kile kiatu.

"Vaa, dada," akasema. "Kuna mawe hapa."

Kesho yake asubuhi walipanda meli ya kwenda Homa Bay na kurudi. Wasike alikuwa amezoea kulivuka ziwa akiwa chini kwenye joto la injini. Siku hiyo alikaa juu, kwenye benchi, pamoja na abiria. Mafundi wenzake walichungulia mmoja mmoja, wakimwita Gakenia shemeji, wakicheka. Gakenia alitabasamu, kisha akageuza macho majini.

"Unawaza nini?" Wasike akauliza.

"Kangethe. Atarudi na wazee. Duka litakwenda."

"Unajuta?"

"Sijuti. Naogopa. Nishike tu."

Akamshika mkono. Hawakuachana mpaka waliporudi bandarini Kisumu. Jumapili walikaa benchi moja kanisani, na Gakenia alihisi kila jicho kisogoni.

Jumatano iliyofuata Kangethe alitokea dukani. Nyuma yake mchukuzi alibeba marobota mawili ya leso. Gakenia hakungoja. Alitoa funguo, akaziweka juu ya kaunta.

"Chukua. Sitakudanganya tena. Ninampenda na nitaolewa naye. Duka nililikuza mimi, hilo unalijua, lakini kama bei ya kuishi ni hii, chukua."

Kangethe alizitazama zile funguo. Alikuwa na uchovu wa safari machoni.

"Ulinitupa kwenye gari moshi kama gunia."

"Nisamehe."

"Nairobi ningeshuka, lakini ningewaambia nini watu wetu? Nikaendelea. Nikalala katika chumba chako." Akavuta stuli, akakaa. "Hoteli yenyewe ni ya watu wawili wawili, shemeji. Asubuhi wawili wawili, jioni wawili wawili. Mhudumu kila mara ananiuliza, mzee, tungoje mama? Siku mbili nimekula peke yangu, nikaona aibu, chakula kikawa kama mchanga. Ndipo nikajiuliza, wewe umekula hivyo tangu lini?"

Gakenia aliziinamia zile funguo.

"Tangu tumzike Zachariah," Kangethe akajijibu. "Na mimi nilikuwa naita hiyo kukutunza."

Akazisukuma funguo zikarudi upande wa Gakenia.

"Wazee nitaongea nao mimi. Watakasirika. Acha wakasirike. Yuko wapi huyo mtu wako?"

Wasike alikuwa nje, amesimama jua kali tangu alipoona marobota yakishushwa, hajui aingie au angoje. Gakenia alimwita kwa jina. Akaingia, akavua kofia.

"Wewe ndiye ulikuwa stesheni?" Kangethe akauliza.

"Ndiyo mimi, mzee."

"Uliona gari moshi linanichukua, na hukufanya kitu?"

"Mzee, mimi ni fundi wa meli. Gari moshi halinisikii."

Kangethe alijaribu kushikilia uso wa ukali, ukamshinda. Gakenia alicheka mpaka akalazimika kushika kaunta.

Walifunga ndoa Desemba. Wazee wengi wa nyumba ya Zachariah walikataa kuja, na hilo lilimuuma Gakenia siku nzima, hata akiwa na maua mkononi. Lakini Kangethe alikuja mapema kuliko wote. Alikaa kiti cha mbele, upande wa bibi harusi, na padri alipouliza ni nani anayemtoa mwanamke huyu, alisimama mwenyewe.