Mukaka Hajatupa Njia

Mama Ornella alikuwa amenyanyua mchi, sombe, majani ya muhogo, imejaa kinu, Solange jirani yake alipoingia uani akihema.

"Mutoto wako amekwama kule centre-ville, ku maonyesho ya picha. Benzake ba masomo bamesharudia. Yeye anakatala kutoka."

"Amekwama namna gani? Picha iko na gundi?"

Akafunika kinu, akapanda pikipiki kutoka mtaani kwao Mususa hadi katikati ya mji huku amenuna. Sombe mbichi, na mumewe Zacharie angerudi na njaa. Mlangoni pa jumba la picha, mlinzi akanyoosha mkono.

"Tikiti, mama."

"Tikiti ya nini? Nakuja kukamata mutoto, hapana kununua picha!"

Akampita. Ndani kulikuwa kimya, tena kulinuka moshi wa kuni. Ornella alikuwa amesimama mbele ya picha ya mukaka, bibi kizee aliyeketi mlangoni pa nyumba yake. Mama akamvuta. Mkono wa baridi, miguu haing'oki.

"Nilimusalimia, mama," Ornella akanong'ona. "Akaitika. Akanikaribisha. Sasa hajanipa njia."

Mama Ornella alitaka kumfokea, lakini alijua kwamba hakuna anayetoka kwa mzee kabla ya kuomba njia, yaani ruhusa ya kuondoka, na kupewa, na aliposogea karibu akaona kifua cha yule mukaka kinapanda na kushuka taratibu, na moshi ukazidi kumwasha macho, na nyayo zake mwenyewe zikaanza kuwa nzito, na nyuma yake mlinzi akaacha kabisa kudai tikiti.

"Mukaka," akasema kwa sauti ndogo, kavu, "tumesalimiana, imetosha. Niko na batu ba kulisha. Tupe njia."

"Muende, mwanangu. Nitabasindikiza," mukaka akajibu kutoka pichani.

Miguu ikafunguka. Wakatoka mbio, na katika mbio hizo hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenyeji anayewasindikiza, kama inavyopasa: imetosha, rudia hapa, urudi kwako.

Giza lilipoingia akapakua bugali na sombe. Akawahesabu: Zacharie, Ornella, Jokébed mdogo, na yeye mwenyewe. Wote wapo.

Mtu akakohoa nyuma ya mlango.

Kijiko kikamdondoka Ornella.

"Tumefika, mukaka," Mama Ornella akasema bila kufungua. "Aksanti. Rudia hapo."

"Usiku huu, mwanangu? Unafukuza muzee ku njia na giza?"

Zacharie akainua kichwa, akashangaa.

"Nani huyo? Lakini fungua, mama! Muzee hapana kulala inje."

Mama Ornella akamtazama mumewe, akamtazama mtoto. Kisha akachukua sahani nyingine.